Koitalel arap Samoei na Waya wa Reli

Katika toleo hili napenda kuwasimulieni habari za maisha ya Koitalel arap Samoei, mkuu wa Wanandi wa Kenya. Huenda mtauliza, sisi wa Nyegezi tuna nini na Wanandi? Jibu langu ni hili Ziwa letu. Kabla reli ya kutoka Tabora haijafika Mwanza mwaka 1928, ngozi na karanga za huku zilivushwa kwa meli mpaka Kisumu, na kutoka huko zikapelekwa Mombasa kwa gari la moshi. Gari hilo lilipita kando ya nchi ya Wanandi. Kwa hiyo kukiwa na ghasia kule milimani, hata mfanyabiashara wa Mwanza alikuwa na sababu ya kuuliza habari.

Koitalel alizaliwa yapata mwaka 1860. Baba yake, Kimnyole arap Turukat, alikuwa Orkoiyot. Cheo hicho si cha ufalme. Orkoiyot alikuwa mtu wa uaguzi na baraka, na vijana wa Kinandi hawakuenda vitani bila idhini yake. Wanandi husimulia kwamba Kimnyole aliagua habari za nyoka wa chuma, mwenye kutema moto na moshi, ambaye angetoka katika maji ya mashariki na kuja kukata kiu katika ziwa la magharibi. Lakini nchi ilipopatwa na misiba, watu wakamtia hatiani yeye, wakamwua mwaka 1890.

Baada ya kifo hicho palitokea ugomvi wa urithi baina ya wanawe wawili. Wengine walimtaka Kipchomber, na wengine walimtaka Koitalel. Mwisho Kipchomber akakimbilia kwa Wakipsigis, na mwaka 1895 Koitalel akashika cheo cha baba yake. Mwaka huo huo Waingereza walituma askari kupigana na Wanandi kwa mara ya kwanza. Basi kijana huyu hakupata hata nafasi ya kupumzika katika kiti chake.

Mwaka 1896 ujenzi wa reli ulianza Mombasa. Mwaka 1899 ikafika Nairobi, na mwezi wa Desemba 1901 ikafika ukingoni mwa Ziwa, mahali palipoitwa Port Florence, ndipo Kisumu ya leo. Wahindi zaidi ya 31,000 waliletwa kuifanya kazi hiyo, na wapatao 2,500 walikufa. Machoni pa Wanandi, yule nyoka wa Kimnyole alikuwa amekuja kweli.

Hapa yafaa nieleze jambo ambalo abiria wengi hawalifikiri. Reli ya namna ile ilikuwa njia moja tu, na magari yalikwenda na kurudi juu ya njia hiyo hiyo. Ili yasigongane, mkuu wa stesheni alimwuliza mwenzake wa stesheni ya mbele, kwa waya wa simu, kama njia ni wazi. Akijibiwa kuwa ni wazi, gari huondoka. Asipojibiwa, gari husubiri. Kwa hiyo waya ule mwembamba ndio uliokuwa masikio ya reli. Ukikatwa, stesheni mbili zilizo jirani huwa kama viziwi wawili.

Na Wanandi waliukata, tena mara nyingi. Walichukua waya wakatengeneza mapambo, wakang'oa bolti za reli wakafanya silaha. Waingereza waliandika kwamba huo ni wizi, na kwa hakika wako vijana waliovutiwa na pambo tu. Lakini ni vigumu kuamini kwamba mambo hayo yaliendelea miaka mingi, katika nchi ambayo vijana wake walimsikiliza sana Orkoiyot, bila yeye kujua madhara aliyokuwa akimpatia adui. Kwa mkuki na upinde hakuweza kuishinda bunduki ya mzinga katika uwanja wa wazi. Lakini kila pale waya ulipokatwa, jeshi la serikali lilikosa habari, na gari halikuweza kwenda kwa uhakika.

Serikali ilituma majeshi mara tano, mwaka 1895, 1897, 1900, 1903 na 1905. Hebu fikirini, ndugu zangu, miaka kumi na zaidi, taifa dogo la wafugaji likapambana na dola iliyokuwa kubwa kuliko zote duniani!

Ndipo akaja Richard Meinertzhagen, afisa wa jeshi la Kiingereza. Yeye aliona kwamba Koitalel akiondolewa vita vitakwisha. Akatuma ujumbe kwamba wakutane kuzungumza habari za amani. Tarehe 19 Oktoba 1905 wakakutana, na Meinertzhagen akampiga Koitalel risasi, akafa pale pale, na wenzake waliofuatana naye wakauawa. Meinertzhagen alidai kuwa Wanandi ndio waliotaka kumwua kwanza. Wanandi wanasema ilikuwa hila tupu. Baraza za uchunguzi zilikaa mara tatu, zikamtoa afisa yule bila hatia, lakini mwaka 1906 aliondolewa katika nchi hiyo. Mimi naona kwamba mtu asiye na doa hahitaji kuchunguzwa mara tatu, tena kisha ahamishwe.

Baada ya kifo hicho askari walichoma nyumba, wakachukua ng'ombe kwa maelfu, na Wanandi wakahamishwa wakawekwa mbali na reli. Mwanawe Koitalel, Barsirian arap Manyei, naye alikamatwa mwaka 1923 na hakuachiliwa mpaka mwaka 1964, Kenya ilipokwisha kujitawala. Fimbo za ukuu za Koitalel, zilizochukuliwa na mwuaji wake, zilikaa Uingereza miaka mia moja, zikarudishwa Kenya mwaka 2006.

Sasa, je, Koitalel alikuwa shujaa au mharibifu? Swali hili limezua ubishi mkubwa katika darasa letu. Wako waliosema kwamba mkata waya ni mkata waya tu, awe wa zamani au wa leo. Mimi sikubaliani nao. Reli ile ilipita bila Wanandi kuombwa ruhusa, na iliwaletea askari na walowezi. Aliyekata waya wake alikuwa akilinda nyumba yake.

Lakini nawaonya pia wale wanaotaka kulitumia jina lake vibaya. Reli ya kisasa ya kutoka Mwanza kwenda Isaka, ambayo ujenzi wake ulianza mwaka 2021, ni mali yetu sisi wenyewe, nayo ni reli ya umeme inayotegemea nyaya kuliko ile ya zamani. Hata London, ambako reli ya chini ya ardhi ilianza mwaka 1863, nyaya za ishara zikiharibika taa hubaki nyekundu, treni zikasimama gizani, na maelfu ya watu wakachelewa kazini. Anayeiba waya wetu leo hamzuii mgeni kuingia nchini. Anamzuia mama mgonjwa kufika hospitali ya Bugando, na mwanafunzi kufika shuleni kabla ya mtihani.

Koitalel alijua nguvu iliyomo katika waya mmoja. Nasi tuijue nguvu hiyo, tuilinde. Wakati wake, kuukata kulikuwa ni kuipenda nchi. Wakati wetu, kuipenda nchi ni kuulinda usikatwe.