Louis Pasteur: Mfaransa aliyewafungua macho Waingereza kuhusu hamira ya bia

Septemba 1871, Louis Pasteur aliingia kwenye kiwanda cha bia cha Whitbread jijini London. Alichotaka kuona ni hamira.

Pasteur alizaliwa mwaka 1822 mjini Dole, Ufaransa, mtoto wa mtengeneza ngozi, akasomea kemia. Mwaka 1868 kiharusi kilimpooza upande wa kushoto, lakini kazi hakuiacha. Ufaransa ilipopigwa vitani na Wajerumani, akataka bia ya kwao iishinde ya Wajerumani.

Tayari alikuwa ameonyesha kwamba hamira ni kiumbe hai, na ndiyo inayogeuza sukari kuwa kilevi. Pale London aliiweka chini ya hadubini. Kumbe haikuwa peke yake! Ilichanganyika na vijidudu vingine vinavyoharibu bia. Miaka yote watengenezaji walikula hasara bila kumjua mchawi wao. Aliporudi wiki moja baadaye, kiwanda kilikuwa kimeshanunua hadubini yake.

Mwaka 1876 alitoa kitabu kuhusu bia. Mwaka 1883 Emil Christian Hansen wa Denmark akafanikiwa kuotesha hamira safi kutoka seli moja. Pasteur alifariki mwaka 1895.

Leo, anayetengeneza bia ya Kiingereza nyumbani huchagua pakiti ya hamira kavu ya bia, si ya mkate: ile inayofanya kazi vizuri kwenye nyuzijoto 18 hadi 22. Pakiti ikiwa imetoboka, haiweki. Hilo ni somo la Pasteur.