Marehemu Mama Sofia Kawawa
Marehemu alikuwa mke wa Rashidi Kawawa, aliyeshika uwaziri mkuu mwaka 1962, kisha akawa Makamu wa Pili wa Rais. Hakukaa kivulini mwa mumewe, bali aliuongoza Umoja wa Wanawake, UWT. Mwaka 1988 alidai sheria ya ndoa irekebishwe ili mitala ikome. Zanzibar watu wakaandamana, na damu ikamwagika. Sisi twaona alisema mbele ya wakati, lakini alisema waziwazi. Alifariki mwaka 1994, na mitala ingali halali. Hata hivyo Sheria ya Ndoa ya 1971 humruhusu mke kumiliki mali yake mwenyewe. Basi akina mama wa Katonga waanikao dagaa na kukamua mawese, daftari letu la wanachama li wazi kwa majina yao wenyewe.