Elspeth Huxley na Miti ya Thika

Marehemu bibi yangu alikuwa hapandi mwasumini chini ya mlangilangi. Akisema mkubwa akishatanda, mdogo hukosa jua. Nilimkumbuka nilipoketi Thika, karibu na hoteli ya Blue Posts iliyojengwa 1908, pale maporomoko ya Chania na ya Thika yanapokaribiana. Na papo hapo nikamkumbuka bibi mwingine, Elspeth Huxley, ambaye kitabu chake cha 1959, *The Flame Trees of Thika*, kiliufanya mji huu ujulikane ulimwenguni kwa mti.

Alizaliwa London mwaka 1907, binti wa ukoo wa Grant. Mwishoni mwa 1913, akiwa na miaka sita, aliwafuata wazazi wake Thika, walikokuwa wakianzisha shamba la kahawa katika ardhi ambayo wenyeji hawakuulizwa kabla haijagawiwa. Kwa mujibu wa kitabu, mamake aliipanda miti hiyo kandokando ya njia ya kwendea nyumbani.

Mti wenyewe ni kibobakasi, nao si mzaliwa wa Thika. Asili yake ni Afrika Magharibi hadi Uganda na nchi ya Wanandi. Una haraka kweli kweli! Ukipandwa pamoja na bogonvilia, miaka ya mwanzo wote huchanua na bustani hupendeza. Kisha kibobakasi hutanda, na bogonvilia, ambayo haitaki ila jua, hujinyoosha, hukonda, ama hupanda juu ya mwenziwe ikachanulia kileleni huku chini pakibaki vijiti vitupu. Hapo hustawi ile mimea inayovumilia kivuli. Lakini mbao za kibobakasi ni laini. Upepo ukivunja tawi, jua hushuka tena, na waliokuwa wamenyong'onyea huanza upya. Mbuni, kwa upande wake, ni mtoto wa kivulini tangu misitu ya Uhabeshi, ingawa walowezi wengi waliupanda juani.

Vita vya 1914 viliitawanya familia. Baadaye walihamia Njoro. Elspeth alisomea kilimo Reading na Cornell, akaolewa na Gervas Huxley mwaka 1931, na mwaka 1935 akaandika maisha ya Lord Delamere. Humo, kwa maoni yangu, aliwapendelea mno walowezi. Namshukuru zaidi kwa *Red Strangers* cha 1939, alikojaribu kuwatazama Wazungu kwa macho ya Wakikuyu. Kujaribu huko si haba kwa mtu wa malezi yake.

Nilirudi kwa njia ya Ruiru, kilipo kituo cha utafiti kilichotoa mbuni wa Ruiru 11 mwaka 1985. Mashamba mengi ya kahawa huko yamegeuka nyumba. Katika kiwanja kimoja mibuni ilikuwa imeng'olewa yote, mti mmoja mrefu wa kivuli ukaachwa, na mtunza bustani alikuwa akichimba mashimo ya bogonvilia kwenye shina lake. Nilimwambia asogee hatua kumi. Alicheka, akaendelea kuchimba.

Bibi Huxley alifariki Januari 1997, huko Uingereza, akiwa na miaka 89.