Siti binti Saad: Mama Aliyeanza Upya Ukubwani

Kikundi chetu kinapotimiza miaka kumi kuna swali linalorudi kila kikao. Wengi wetu tulianza kununua hisa ili tupate ada za watoto. Leo watoto hao wamemaliza shule, wengine wako Mbeya na Dar es Salaam na familia zao. Sasa akiba hii tunaweka ya nini? Wapo wenzetu waliovuka miaka 45 wanaosema wao basi tena, mikopo waachiwe vijana. Kabla hatujakubaliana nao, tumeona tuwasimulie maisha ya mama mmoja wa Unguja.

Siti binti Saad alizaliwa yapata mwaka 1880 katika kijiji cha Fumba. Wazazi wake asili yao ilikuwa bara, baba Mnyamwezi na mama Mzigua, na walikuwa watu wa chini kabisa, enzi utumwa ungalipo. Hata jina alilopewa mtoto lilikuwa Mtumwa. Hilo la Siti, yaani bibi mwenye heshima, alilipata ukubwani. Shule hakuiona. Alichorithi kwa mama yake ni ufinyanzi. Sisi wa Rungwe kazi hiyo tunaijua kwa akina mama wa Kikisi wa Ikombe, kule Ziwa Nyasa, ambao vyungu vyao vimefika mpaka majikoni mwetu. Siti naye alifinyanga, akajitwika, akaenda mjini kuuza huku akinadi kwa sauti iliyosikika mbali.

Mwaka 1911, akiwa na miaka kama 31, alihamia mjini. Siku zile mwanamke wa umri huo alihesabiwa mtu mzima ambaye njia yake imeshajulikana. Yeye ndiyo kwanza akakaa chini kufundishwa. Ali Muhsin, mwanamuziki wa chama cha Ikhwani Safaa kilichoanzishwa mwaka 1905, alimfundisha uimbaji. Kwa kuwa hakujua kusoma, nyimbo alizishika kichwani. Wala hakwenda peke yake. Alikuwa na kundi lake, wakiwemo Subeti Ambari, Buda Swedi na Mbaruku Talsam.

Maneno ya watu hayakukosekana. Walimtungia wimbo wa kumcheka, wakikumbusha kaniki aliyoingia nayo mjini. Naye akajibu kwa wimbo, kuwa sura nzuri na ukoo mkubwa si hoja kama mtu hana akili.

Mwaka 1928, akiwa amekaribia miaka 48, alivuka bahari na wenzake mpaka Bombay, India, kurekodi santuri. Tunaambiwa hakuna mwanamke wa Afrika Mashariki aliyemtangulia katika kazi hiyo. Taarabu, iliyokuwa ya Kiarabu na ya wakubwa, yeye aliiimba kwa Kiswahili, akataja dhuluma za mahakamani na mateso ya wanawake. Santuri zake ziliuzwa kwa maelfu. Alifariki mwaka 1950, na Shaaban Robert akaandika wasifu wake. Baadaye waandishi wanawake wa TAMWA waliliita jarida lao Sauti ya Siti.

Hebu tuhesabu, wenzetu. Karibu yote tunayomkumbukia aliyafanya baada ya miaka 30, na safari kubwa kuliko zote aliifanya akielekea 50. Kweli, si kila mmoja wetu ana sauti kama ile. Lakini sauti yenyewe aliizoesha kwa kunadi vyungu. Alianza na kitu alichokuwa nacho. Kisha akakubali kuwa mwanafunzi ukubwani. Kisha akatafuta wenzake.

Hayo matatu tunayaweza hapa Tukuyu. Mwenzetu aliyekaa miaka 20 akiuza ndizi na viazi anajua bei na wateja kuliko kijana yeyote. Anayefuga ng'ombe wawili anajua maziwa. Kinachobaki ni kupanga. Kwa hiyo tunapendekeza kila mwanachama aliyemaliza kusomesha aandikiwe mambo manne katika daftari la kikundi: kazi anayoijua, kitu anachotaka kujifunza, nani atamfundisha, na hisa zake zitafanya nini katika miaka mitano ijayo. Asiyejua kuandika atamtajia katibu.

Na mikopo tusiwanyime vijana. Ila na sisi wenyewe tusijinyime.