Bob Wills, Mpiga Fidla wa Texas

Muhula uliopita bendi yetu ya shule ilikaribia kuvunjika. Wengine walitaka tarumbeta tu, wengine ngoma za nyumbani. Ugomvi ule ndio unaonifanya niwasimulie, wenzangu, maisha ya Bob Wills, Mmarekani aliyechanganya muziki wa namna nyingi akapata sifa.

Alizaliwa tarehe 6 Machi, 1905, karibu na Kosse, Texas. Baba yake alikuwa mkulima wa pamba na fundi wa fidla. Kijana huyu alichuma pamba pamoja na Wamarekani weusi, akajifunza kwao nyimbo za huzuni ziitwazo bluzi. Inasimuliwa kwamba alipokuwa na miaka 10, baba yake alichelewa kufika dansini. Mtoto akashika fidla akawachezesha watu usiku kucha, naye alijua nyimbo sita tu.

Alipokua alifanya kazi ya kinyozi. Mwaka 1931, mjini Fort Worth, alikuwa mmoja wa walioanzisha Light Crust Doughboys, bendi iliyotangaza unga wa ngano katika redio. Lakini pombe ilimponza: alikosa vipindi, na mwaka 1933 akapoteza kazi. Hakukata tamaa. Aliunda Texas Playboys, na mwaka 1934 wakahamia Tulsa, Oklahoma. Huko aliongeza tarumbeta, saksafoni na ngoma juu ya fidla na magita, na redio ya KVOO ikaeneza sauti yao mbali.

Jambo moja linanihuzunisha. Kwa ubaguzi wa siku zile, bendi yake haikuwa na wapigaji weusi. Weusi waliomfundisha bluzi shambani hawakukaa naye jukwaani. Muziki wao ulifika mbali, wao wakabaki nyuma.

Desemba 1973, akiwa mgonjwa katika kiti cha magurudumu, alikutana na wenzake wa zamani kurekodi mara ya mwisho. Usiku ule alipatwa na kiharusi, wala hakupona. Alifariki tarehe 13 Mei, 1975. Bendi ile ya unga, ingawa ilisimama wakati wa vita, ilikuwa ingali ikipiga baada ya mwaka 2000.

Sisi nasi tumepatana: tarumbeta na ngoma zinapigwa pamoja. Ila tumeweka sharti moja. Wimbo tuliofundishwa na mzee wa kijijini haupigwi kabla ya kutaja jina lake. Kaka zetu mliomaliza hapa, mkija kututembelea, mtusikilize, nanyi mtuulize majina hayo.