Mtakatifu Helena, Mhudumu wa Nyumba ya Wageni

Mtakatifu Ambrosi, akihubiri huko Milano mwaka 395, hakuona haya kuwakumbusha waamini kwamba mama wa Kaisari Konstantino aliwahi kuwa mhudumu wa nyumba ya wageni. Helena alizaliwa yapata mwaka 250 katika ukoo wa watu wa chini. Aliishi na askari aitwaye Constantius, akamzalia Konstantino. Constantius alipopanda ngazi za utawala alimwacha, akamwoa Theodora, mwanamke wa nyumba ya kifalme. Kwa miaka mingi jina la Helena halisikiki tena. Wako akina mama katika parokia zetu wanaoijua vema njia hiyo.

Mwanawe hakumsahau. Alipotawala alimwita ikulu, na mnamo mwaka 324 akampa cheo cha Augusta. Sura yake ikachorwa kwenye sarafu. Akiwa na umri unaokaribia miaka 80, alihiji Nchi Takatifu. Eusebi, askofu wa Kaisaria wakati huohuo, anasimulia jinsi alivyowasaidia maskini, alivyowafungua wafungwa, na habari za makanisa ya Betlehemu na Mlima wa Mizeituni. Kwamba Helena aliupata Msalaba wa Bwana, Eusebi hana neno. Habari hiyo tunaisikia kwa Ambrosi, miaka zaidi ya 60 baadaye. Kisha Rufino akasimulia juu ya misalaba mitatu, Askofu Makari, na mwanamke mgonjwa aliyeponywa alipoguswa na ule wa kweli.

Karne zilizofuata zilimbadilisha Helena. Katika hekaya moja anakuwa malkia wa kutisha, anayemtumbukiza Myahudi aitwaye Yuda katika kisima kikavu siku saba mpaka akubali kuonyesha mahali pa Msalaba. Simulizi hiyo ilichochea chuki, nasi hatuna sababu ya kuitetea. Washamu walimpa sifa hiyo Protonike, anayesemwa kuwa mke wa Kaisari Klaudio. Huko Uingereza, katika karne ya 12, Helena aligeuzwa binti wa mfalme Coel. Nadhani waliionea aibu ile nyumba ya wageni. Mimi nabaki na Ambrosi.

Helena alifariki yapata mwaka 330. Jeneza lake la jiwe jekundu limo katika Makumbusho ya Vatikano, nalo, ajabu, limechongwa wapanda farasi na mateka wa vita. Kanisa linamkumbuka tarehe 18 Agosti.