Darasa na Duka: Maisha ya Profesa David Evans

Muhula uliopita nilitaka kuacha masomo ya kompyuta nifungue kibanda cha kutengeneza simu hapa Rwezamenyo. Nilijiambia kwamba darasa halilishi, duka ndilo linalolisha. Kilichonirudisha ni maisha ya David Evans.

Alizaliwa mwaka 1924 Salt Lake City, Marekani. Alisomea fizikia, akafanya kazi katika kampuni ya kutengeneza kompyuta, kisha akafundisha Berkeley. Katikati ya miaka ya 1960 alirudi Chuo Kikuu cha Utah, alikopata shahada zake, akaanzisha masomo ya sayansi ya kompyuta. Zama hizo kompyuta ilijulikana kwa kupiga hesabu. Yeye alitaka ichore picha.

Mwaka 1968, yeye na Ivan Sutherland walianzisha kampuni ya Evans & Sutherland. Ilianzia katika majengo makuukuu ya kijeshi ndani ya eneo la chuo, na wanafunzi wao wakafanya kazi humo. Baadaye ilisifika kwa mitambo ya picha ya kufundishia marubani.

Mwanafunzi wa Utah, John Warnock, alishiriki kuanzisha Adobe, iliyotuletea PDF tunazosomea. Mwingine, Ed Catmull, alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Pixar. Evans alifariki mwaka 1998.

Tunafundishwa kwamba elimu yenye manufaa hubaki mtu akishaondoka. Nami nimeiona ndani ya simu yangu. Kibanda nitafungua inshallah, lakini jioni, baada ya darasa.